Chungu Kilichorudi Kimejaa

Siku tuliyomzika mdogo wangu Mugisha, msemaji wa ukoo alisimama mbele ya nyumba pale Nyakasimbi, akavua kofia, akasema marehemu baba yetu alikuwa mtu wa kuona mbali. "Enzi zile," alisema, "nani alikuwa anapeleka kiziwi shule? Kiziwi alikuwa anaachiwa mbuzi. Mzee wetu alimpeleka, na leo tunamzika fundi cherehani aliyevalisha Kihanga nzima." Watu wakaguna kukubali. Mimi nilikuwa chini, kwenye majani, pamoja na wanawake, na nilijiinamia ili wadhani nalia. Kumbe kicheko kilikuwa kinanijia, na msibani mtu hacheki. Nimetembea sana maishani. Nimechuma kahawa Uganda, nimepikia kambi za watengeneza barabara, nimeuza samaki wakavu Bukoba, nimefua nguo za watu Mwanza ambao sikuwahi kujua majina yao, na kote huko nimesikia watu wakisifiwa makaburini kwa mambo waliyoyafanya kwa sababu nyingine kabisa. Tata, kama tulivyomwita baba kwetu, alimpeleka Mugisha shule kwa sababu alikuwa hamwamini mtu yeyote. Najua hivyo kwa kuwa nilikuwapo nyuma ya ukuta wa matete nikisikiliza, kazi ambayo niliipenda tangu utoto na ambayo hakuna mwalimu aliyewahi kunifundisha.

Vita vikubwa vya pili vilikuwa vimekwisha. Vijana wachache walikuwa wamerudi na makoti mazito ya jeshi, wakiyavaa hata wakati wa jua kali, na wengine hawakurudi, na mama zao walikuwa bado wanaweka akiba ya chakula jioni. Ndipo mkuu wa gombolola, aliyekuwa mtawala wa vijiji vyetu, akatoa amri kwamba kila nyumba itoe mtoto mmoja kwa shule mpya. Shule yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha miti na udongo, na mwalimu wake alikuwa Zakaria, Mluteri kutoka upande wa Muleba, kijana mwembamba aliyesema Kihaya cha kwao kwa kuvuta maneno, jambo lililowafanya wazee wetu wamsikilize kama watu wanaosikiliza mfanyabiashara mgeni. Alikuja kwetu mchana. Alivua viatu mlangoni, akakaa kwenye kiti alichopewa, miguu juu ya majani mabichi ambayo mama alikuwa ameyatandaza asubuhi ile ile. Mama alipiga magoti, akaweka mbele yao kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna. Tata akachukua punje, akaitafuna taratibu huku Mwalimu akimtazama, kisha akamsogezea kikapu. Kwetu mwenye chakula ndiye huonja kwanza. Iwe ndizi, iwe pombe, iwe punje ya kahawa, anaonja wewe ukiona, ujue hakina kitu. Watu huiita heshima. Ni heshima kweli, lakini mzazi wa heshima hiyo ni woga wa sumu, na kila anayekaa kula analijua hilo.

"Ta Mugisha," Mwalimu alisema, akimwita tata kwa jina la mwanawe, "nimekuja kwa lile jambo la mtoto."

"Mtoto yupo. Mugisha."

Mwalimu alitabasamu, kama mtu anayesubiri mwisho wa mzaha. Mugisha alikuwa amekaa karibu na mlango akichonga kijiti. Homa ilikuwa imechukua masikio yake kabla hajajua kusema, na sauti pekee aliyokuwa nayo ilikuwa mlio wa kooni, ambao sisi wa nyumbani tuliujua ni kicheko. "Huyo hasikii," Mwalimu alisema. "Mimi nilikuwa namfikiria binti yako, Koku."

"Uliambiwa uchukue mtoto," tata alijibu. "Uliambiwa uchukue masikio?"

Jioni, mama akiwa anamenya ndizi, nilikaa upande wa pili wa matete, mahali mbuzi walipolala, nikasikia sababu. "Wanaandika majina," tata alisema. "Leo majina ya shule. Kesho watayafungua majina yale yale watafute watu wa vita vingine. Kiziwi hawamtaki jeshini. Amri ataisikia na nini?" Kisu cha mama kiliendelea kumenya. "Na wakimrudisha?" aliuliza. "Wakimrudisha, sisi tulishatoa." Huo ndio uliokuwa mwono wa mbali wa baba yetu. Wala Mwalimu simtakasi. Alirudi baada ya siku chache akasema atampokea Mugisha, ila na mimi niende nikae karibu yake, niwe masikio yake, na nyumba yetu itahesabiwa kuwa imetoa mmoja. Watu wakasema ana moyo. Mimi nilikuwa nimepita nyuma ya nyumba yake na mtungi wa maji, nikamsikia akimwambia mkewe kwamba shule yenye watoto wachache wangeifunga, na yeye angerudishwa Muleba akalime. "Kichwa ni kichwa," alisema. Mkewe akamjibu, "Na chenye masikio ya kuazima je?" Wakacheka wote wawili, wala si kwa ubaya. Nilisimama pale na mtungi wangu nikijaribu kuamua kama nimchukie, na sikuweza kuamua. Hadi leo sijaamua.

Basi tukaenda. Tulikaa kwenye kijukwaa cha udongo kilichofanywa kuwa benchi, mabega yakigusana, ubao mdogo wa kuandikia mmoja mapajani mwa Mugisha na mwingine mapajani mwangu. Nyumbani tulikuwa na mikono yetu. Tata alikuwa ngumi iliyoshika fimbo ambayo haipo. Mama alikuwa kidole gumba kikipita juu ya kidole cha shahada, kama anayemenya ndizi. Kula, kulala, mvua, ng'ombe, uongo, vyote vilikuwa na mahali pake vidoleni. Shuleni niliongeza mengine. Mwalimu nilimfanya kuvuta ncha ya sikio, kwa kuwa alikuwa akitushika hapo. Mugisha alijifunza herufi upesi kuliko mimi, kwa sababu macho yake hayakuwa na kazi nyingine, ilhali mimi nilikuwa nasikiliza kinachosemwa nje. Na kwa kuwa Mwalimu Zakaria alichapa kila aliyenong'ona darasani, watoto wengine walianza kugundua kwamba sisi wawili tunaongea mchana kutwa na hatuchapwi. Wa kwanza kuiba mikono yetu alikuwa Rwiza, mtoto wa jirani, mwenye meno makubwa na akili ya haraka. Kabla ya mavuno ya kahawa kuanza, darasa zima lilikuwa linapiga soga mbele ya uso wa Mwalimu, kimya kama kanisa tupu, na yeye akiwaandikia wazazi wetu sifa za utulivu wetu.

Utulivu huo ndio uliowaamsha akina mama. Nami nieleze kwanza habari ya chakula. Watoto waliotoka mbali walikuwa wakienda kula nyumbani mchana na hawarudi. Kwa hiyo wazazi na Mwalimu walipatana kwamba nyumba zipokezane. Kila nyumba yenye mtoto ipike siku yake na kulisha wote, na nyumba isiyolisha haina mtoto shuleni. Lilikuwa jambo zuri. Baba ambao hawakujua hata mlango wa shule umeelekea wapi walianza kuuliza maharage yametosha kiasi gani. Kina mama walipeleka vyungu vyao kichwani, wakaangaliana vyungu hivyo kwa ukali kuliko walivyoangalia watoto. Nimekaa na makabila mengi tangu wakati ule, na naweza kusema watu hawachunguzani popote kama wanavyochunguzana mbele ya chungu.

Ilipofika zamu yetu, mama alipika ndizi na maharage, akakaangia kitunguu na siagi ya ng'ombe, akafunika chungu kwa majani ya mgomba yaliyopitishwa motoni mpaka yakalainika. Alitembea nacho kutoka nyumbani, mimi na Mugisha tukimtangulia. Watoto walikuwa wamekaa duara uwanjani. Mama alipiga magoti, akafunua, mvuke ukapanda, akamega kipande, akakila mbele ya wote, akangoja. Hakuna mkono uliotoka. Watoto walikuwa wameweka mikono mapajani kama wanaosubiri kupigwa picha.

"Kula, mwanangu," mama alimwambia Rwiza, aliyekuwa karibu.

"Nimeshiba, mama."

"Umekula nini toka asubuhi?"

Rwiza alitazama ardhi. Msichana aliyefuata naye alikuwa ameshiba. Na aliyefuata. Mugisha, ambaye hakuwa amesikia shibe hii ya ajabu, alikuwa anakula kwa mikono miwili na kutoa ule mlio wake wa kooni. Alikuwa amelila fungu lake karibu lote kabla hajainua macho na kuona kwamba anakula peke yake. Alinitazama. Nikamwambia kwa vidole kwamba wameshiba. Akafanya alama yetu ya uongo, kiganja kikifuta midomo. Mama akamgeukia Mwalimu, aliyekuwa amesimama mlangoni. "Wewe je, Mwalimu?" Mwalimu Zakaria alishika tumbo. Alisema lilikuwa linamsumbua tangu jana. Mama akakifunika chungu, akakiweka juu ya kata kichwani, akarudi nacho nyumbani kimejaa, akipita mbele ya kila mlango, na kwenye kila mlango palikuwa na mtu ambaye siku hiyo alikuwa na sababu ya kufagia nje.

Mkutano wa wazazi uliitwa shuleni. Wanaume walikaa ndani kwenye mabenchi yetu ya udongo, magoti yao yakifika karibu na videvu, wanawake wakakaa karibu na mlango. Mimi nilikuwa nje, jicho kwenye ufa wa ukuta. Aliyeongoza maneno alikuwa Ma Rwiza, mama yake Rwiza, mwanamke mfupi mwenye shamba safi kuliko yote, aliyekuwa na desturi ya kuanza kila shutuma kwa kusema hamchukii mtu.

"Mimi simchukii mtu," alisema. "Nauliza tu. Mwanangu ananiomba chumvi kwa vidole. Mdomo anao, ulimi anao. Kapata wapi?"

"Labda chumvi yako haistahili maneno," mzee mmoja alisema, na watu wakacheka.

"Cheka, baba. Wako akianza kukupungia mikono kama anayefukuza nyuki, utakuja kwangu kuuliza dawa. Ububu umeingia shule hii. Umeingia kutoka nyumba moja, na nyumba hiyo hiyo inataka kutupikia."

"Uziwi hauambukizi," tata alisema.

"Nani kakwambia? Ulimpeleka kwa daktari gani? Mkeo alikula nini mimba ya mtoto huyo? Hatujui. Na hicho tusichokijua ndicho kiko chunguni."

 Nilimwona tata, vidole vikicheza juu ya fimbo yake, na nilijua anachofikiri. Alikuwa anapima kama si heri sasa amtoe Mugisha, maana nyumba ilishatoa. Ndipo Ma Rwiza akaitaja kanuni. Nyumba isiyolisha haina mtoto shuleni, na chungu kilichorudi kimejaa kimemlisha nani? Nilivyolisikia hilo nikaelewa kwa nini watoto walikuwa wameshiba. Ilikuwa imepangwa. Hawakuwa na haja ya kumfukuza Mugisha; ilitosha wasile. Mama yangu, ambaye sikuwahi kumsikia akisema mbele ya wanaume, alisema kutoka mlangoni, "Basi niambieni nipike nini." Swali lenyewe lilikuwa la adabu sana. Mwalimu alikohoa. Alisema zamu ya nyumba yetu itarudi baada ya mavuno ya kahawa, na chungu kikirudi tena kimejaa, Mugisha abaki nyumbani. Alisema hivyo akiwa anatazama paa, kana kwamba amri imeandikwa kwenye nyasi.

Wiki zile Mugisha alisoma kama mtu anayekimbizwa. Alikuwa anaandika majina kwenye vumbi la uwanja, kwenye majani ya migomba kwa mwiba, kwenye ukuta wa nyumba kwa mkaa, mpaka tata akamfokea kwa fimbo isiyohitaji sauti. Alijua kinachokuja. Nilikuwa nimemweleza mkutano wote, neno kwa neno, hata mzaha wa chumvi, ambao ulimfanya acheke. Jioni moja tulikuwa tunachambua maharage, mama amekaa katikati yetu. Mugisha akamgusa goti, akamuuliza kwa nini hawali. Mama aliinua mikono yake, akaionyesha, akaigeuza huku na huku, akafanya uso wa mtu anayeona kinyaa. Hawaiamini mikono yangu, ndivyo alivyosema. Mugisha aliitazama ile mikono muda mrefu. Kisha akaonyesha nje, kule zilikokuwa nyumba za wengine, akafanya alama ya kumenya, ambayo ilikuwa jina la mama, ila safari hii akaifanya tena na tena, kila mara akielekeza nyumba nyingine. Mama zao. Mikono ya mama zao. Mama yangu aliacha kuchambua.

Ilifuata siku ya kuezeka upya paa la shule. Baba walikuwa juu wakifunga nyasi, akina mama wakipitisha matita chini, na sisi watoto tukiokota mabua. Tata alikuwa juu pia, amekaa karibu na mume wa Ma Rwiza bila kusemezana naye. Ma Rwiza alikuwa anasimulia, kwa sauti ya kusikika na kila mtu, kwamba yeye hamchukii mtu. Na hapo hapo, kati ya miguu yao, Mugisha alikuwa anapita kwa mtoto mmoja mmoja. Niliona alama ya ndizi. Niliona alama ya kuleta, na ya kesho yake, na kidole midomoni. Rwiza alijibu akiwa ameshika tita ambalo mama yake alikuwa anampokea. Alitumia mkono mmoja tu, ule uliokuwa upande wa mbali na mama. Nimepita katika nyumba nyingi zenye siri tangu siku hiyo, lakini sijaona tena njama ikipangwa mchana, katikati ya wale wanaopangiwa, na hakuna hata mmoja aliyelazimika kunong'ona.

Kesho yake, siku ya zamu yetu, mama alikwenda shuleni na chungu kitupu. Watu walikiona kitupu. Alikuwa amekiinamisha makusudi, mdomo ukiangalia mbele, na milangoni watu waliacha kufagia. Alikuwa na kisu; mafiga hakuyabeba, akatumia mawe ya pale uwanjani. Hakuleta ndizi, hakuleta maharage, hakuleta hata maji. Mchana ulipofika, Mwalimu alitutoa nje, na kila mtoto akatoa kwenye nguo yake alichokileta: ndizi moja mbichi, ndizi mbili, nyingine zimepondeka kwapani. Rwiza alitoa chana zima alilokuwa amelificha kwenye majani tangu asubuhi. Wasichana wakaenda kisimani. Chumvi ilitoka kwa mke wa Mwalimu, ambaye aliileta kabla hajaombwa. Mama hakumenya. Alimpa kila mtoto kisu kwa zamu, akawaonyesha kwa mikono tu namna ya kushika, na yeye akachochea moto.

Ma Rwiza alikuja na kikapu cha mboga ambazo hazikuwa na pa kwenda. Alisimama pembeni akatazama chungu kinachochemka. "Ndizi hizi za nani?" aliuliza.

"Zenu," mama alisema.

"Zetu kina nani?"

"Hizo nene ni zako, Ma Rwiza. Sina ndizi nene namna hiyo nyumbani kwangu."

Ma Rwiza alimtafuta mwanawe kwa macho, na Rwiza akawa ana shughuli kubwa na kuni. Wanawake wengine walikuwa wameanza kusogea kutoka barabarani. Mama aliipua, akamwaga ndizi juu ya majani ya mgomba, mvuke ukatanda. Watoto wakakaa duara. Mama akapiga magoti, na nilidhani ataonja kama mara ya kwanza. Akaweka mikono yake nyuma ya mgongo. "Mwenye chakula ndiye anayeonja," alisema, akimtazama Ma Rwiza. "Mimi leo nimeleta moto tu. Karibu, mama, utuonyeshe kwamba ni salama."

Sijui kama wasio wa kwetu wanaweza kuona jinsi alivyokuwa amebanwa. Kukataa kuonja chakula chako mwenyewe mbele ya watoto wa watu ni kutangaza kwamba una jambo. Na wanawake walikuwa wanatazama, wale wale aliowafundisha kushuku, na nyuso zao zilikuwa zimeanza kumshuku yeye. Ma Rwiza aliweka kikapu chini. Alikuja, akapiga magoti, akachukua kipande kidogo kuliko vyote, akatafuna. Alipomeza, mikono ya watoto ilitoka yote kwa pamoja. Walikula mpaka majani yakabaki safi. Mwalimu Zakaria naye alikula, tumbo likiwa limepona, na chungu kikarudi nyumbani kitupu kichwani mwa mama, ambaye njiani hakunisemesha, ila nilimsikia akicheka peke yake, kicheko kama cha Mugisha.

Hakuna aliyemgusa tena Mugisha baada ya hapo. Kanuni ilikuwa yao, na ilikuwa imetimizwa. Hata watoto wengine waliletwa, kwa kuwa wazazi walisema shule ambayo watu wameipigania namna ile lazima ina kitu ndani yake. Rwiza alikaa upande wa kulia wa Mugisha, mimi kushoto. Na hapo ndipo mambo yangu yalipoharibika. Jioni moja nilikuwa natoka kisimani, nikamwona Mugisha na tata nyuma ya nyumba, karibu na mtumbwi wa kukamulia pombe ya ndizi. Mugisha alikuwa anaongea kwa kasi, mgongo ukiwa kwangu, kwa hiyo sikuona mikono yake. Niliona tu jibu la tata. Aliinua kidole kimoja, akakitingisha, akatikisa kichwa kukubali. Asubuhi yake aliniita kabla sijavaa. "Koku, chukua jembe uende na mama yako."

"Na shule, tata?"

"Waliomba mtoto mmoja. Mmoja anakwenda."

Nilimkimbilia mama. Aliniambia nimsikilize baba yangu, lakini wakati anasema hivyo hakumtazama baba. Alimtazama Mugisha, aliyekuwa anafunga ubao wake kwa kamba ya mgomba, na Mugisha hakuinua uso. Majirani walipata maelezo mara moja. Ni msichana, walisema, anakaribia kuolewa, na tata alitaka mikono ya shambani. Mwalimu hakuja kunidai. Vichwa alikuwa navyo sasa. Maelezo ya majirani yalikuwa yanamtosha mtu yeyote. Mimi hayakunitosha. Nilikuwa nimeona kidole kimoja kikiinuliwa kujibu ombi, na sikujua ombi. Nililima msimu huo, na uliofuata, nikiwa nasikiliza sauti za darasa zikija na upepo, na siku moja wachuma kahawa walipita wakienda Uganda, nikaweka jembe chini ya mgomba nikawafuata. Watu huniuliza kwa nini sikutulia mahali. Huwa nawapa majibu mbalimbali, kutegemea ni nani anayeuliza.

Nilirudi miaka mingi baadaye na kumkuta Mugisha huko Kihanga, barazani kwa duka la Mwislamu mmoja ambaye wazazi wake walitoka pwani, anashona. Mwenye duka alikuwa amejifunza mikono yake, akimwita kwenye chakula cha mchana kutoka ndani kwa kupunga tu. Mugisha alinikumbatia, akaniletea benchi. Tuliongea habari za mama, za tata, za Rwiza aliyekuwa karani. Kisha nikamuuliza. Nilimuuliza kwa ile mikono ya utotoni, na nilishangaa kwamba haikuwa imezeeka: siku ile, mtumbwini, ulimwambia tata nini?

Aliondoa miguu kwenye cherehani. Akaweka kidole kifuani mwake. Mimi, alisema. Mimi nilimwomba akutoe. Alingoja aone kama nimefuata, kisha akaendelea polepole, kama tulivyokuwa tukimwambia mtoto mdogo. Ulipokuwapo, Mwalimu aliniuliza swali akikutazama wewe. Rwiza alinitania akikutazama wewe. Mama pia. Wote walijua kusema na mimi, lakini uso wako ulikuwa karibu, wakaona ni rahisi. Nilitaka wanitazame mimi. Nikamuuliza kama alijua kwamba nilikuwa naipenda shule. Akasema alijua.

Nilikuwa bado sijajua nifanye uso gani alipoingia mwanamke mmoja na gauni mkononi, mteja mgeni, pengine kutoka Nyakatuntu. Alitusalimu shikamoo. Alimtazama fundi, akaona mikono yetu, akaelewa. Basi akanigeukia mimi, akalikunjua gauni mbele yangu. "Dada," alisema, "mwambie anipunguzie hapa kiunoni."

Nilinyanyuka kwenye benchi, nikawapa mgongo wote wawili, nikasimama nikitazama barabara.   Kisha nikasikia kitambaa kikiwekwa mezani mbele ya Mugisha, na yule mwanamke akicheka kidogo, kama mtu anayejaribu jambo kwa mara ya kwanza.